Rangi Haiondoi Sumu: Kijitabu cha Elimu kwa Umma kuhusu Mbao za Mapipa na Pombe Kali ya Nyumbani

Kwa wakazi wa Kayole, Umoja, Dandora, Kariobangi, Mathare, Makadara, Shauri Moyo, Mukuru na mitaa yote ya Eastlands, Nairobi

KWA NINI KIJITABU HIKI

Malalamiko yametufikia kutoka pande nyingi za Eastlands, na yanafanana. Pombe kali ya rangi ya kahawia inauzwa katika chupa za plastiki zisizo na stempu, na muuzaji anaapa kwamba "imelala kwenye pipa". Vijana wanazunguka kwa wauza mbao kuukuu wakitafuta vipande vya mapipa ya mwaloni, na wasipovipata huchukua mbao yoyote inayofanana navyo. Vipande hivyo huchomwa juu ya jiko la makaa, hutumbukizwa ndani ya chang'aa, na baada ya siku chache kinywaji kilichokuwa cheupe hubadilika rangi. Bei nayo hupanda.

Mwezi wa Februari 2024, wanakijiji zaidi ya kumi walifariki huko Kangai, Kaunti ya Kirinyaga, baada ya kunywa pombe yenye sumu. Mwezi uliofuata Serikali ilitangaza masharti mapya na makali dhidi ya pombe haramu. Baa nyingi zilifungwa. Tunayoambiwa na wakazi ni kwamba baadhi ya biashara hiyo haikufa, bali ilihama kutoka baa na kuingia vyumba vya kupanga, ambako hakuna mkaguzi.

Shirika letu limesimama na mitaa hii kwa muda mrefu, na tunajivunia kazi hiyo. Tumezungumza barazani, makanisani, misikitini na katika vyama. Hata hivyo tunajua kwamba wengi wenu hamuamini makaratasi ya mashirika, kwa kuwa mmeona fulana nyingi na ahadi nyingi. Hatuwaombi mtuamini kwa sababu ya nembo. Someni hoja, mzipime, kisha muamue.

Kijitabu hiki ni cha mnywaji, mama pima (muuza chang'aa), fundi wa mbao, mwenye ploti, na kila mwenye ndugu anayekunywa.

JAMBO MOJA LA KUKUMBUKA

Hata ukitupa kurasa nyingine zote, baki na hili:

MBAO USIYOJUA ILIKOTOKA ISIGUSE KINYWAJI. NA MBAO HATA IWE SAFI NAMNA GANI HAIONDOI SUMU ILIYO NDANI YA POMBE.

Tutalirudia onyo hili mara kadhaa, na tunalirudia kwa makusudi. Ni jambo ambalo watu hulisikia, huitikia kwa kichwa, kisha hulipuuza.

PIPA LA MWALONI HUFANYA KAZI GANI?

Wengi wetu tunaujua mwaloni kwa kuusoma katika Biblia, pale Abramu alipopiga hema kwenye mialoni ya Mamre. Si mti wa asili wa Kenya. Huko Marekani na Ulaya ndiko unakopasuliwa mbao za mapipa, kwa sababu vinyweleo vya mwaloni mweupe hujiziba vyenyewe na hivyo pipa halivuji. Mbao hizo zikipashwa moto kwa kiasi, viungo vyake vya asili huvunjika na kutoa harufu ya vanila, ladha ya sukari iliyoungua na rangi ya kahawia. Sheria ya Marekani inataka wiski ya bourbon ikomazwe katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani. Yakishatumika, mengi huuzwa kwa viwanda vya nchi nyingine. Uskoti nayo haikubali kinywaji kiitwe wiski ya Uskoti kabla hakijakaa miaka 3 ndani ya mwaloni.

Basi pipa lina faida yake. Linalainisha ladha, linaongeza rangi na harufu. Kazi yake inaishia hapo. Kiwanda hupima pombe kabla haijaingia kwenye pipa, huipima tena ikitoka, na hujua mapipa yake yalitoka wapi na yalibeba nini. Anayekomaza pombe chumbani, mtaani Pipeline, hana kipimo, na mbao yake haina historia. Anachoiga ni rangi peke yake.

MBAO ILITOKA WAPI?

Hapa ndipo tunapowaomba msome polepole.

Pombe kali huyeyusha vitu vingi ambavyo maji hayawezi kuviyeyusha. Ukiweka mbao ndani yake, pombe huvuta kila kilichomo kama maji moto yanavyovuta majani ya chai. Haichagui. Huvuta vanila, na huvuta dawa ya mchwa vilevile. Mbao nazo hunyonya. Kilichomwagikia ubao mwaka juzi hakikubaki juu juu, kiliingia ndani ambako brashi na sabuni haviwezi kufika.

Mbao zifuatazo zinapatikana kwa urahisi Gikomba, Kariobangi Light Industries, kando ya Eneo la Viwanda na kwenye mijengo mipya. Hakuna hata moja inayofaa kuingia kwenye kinywaji.

Nguzo na mbao zilizotiwa dawa. Nguzo nyingi za umeme na za ua hutiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki ili zisiliwe na mchwa wala kuoza. Aseniki ni sumu inayojulikana kusababisha saratani. Mbao hizi zikiwa mpya huwa na rangi ya kijani hafifu. Zikikaa juani rangi hupotea lakini dawa inabaki, kwa hiyo jicho haliwezi kukuokoa. Na sikilizeni vizuri enyi mnaochoma mbao kabla ya kuzitumia: kuichoma mbao hiyo kunapeleka aseniki kwenye moshi unaouvuta wewe na watoto wako, na inayosalia hujaa kwenye majivu na makaa yale yale unayoyatumbukiza ndani ya chupa.

Mataruma ya reli na nguzo nyeusi. Mbao za zamani za aina hii zilipakwa kriosoti, dawa nyeusi ya lami yenye harufu kali. Hazifai hata kuwa kuni za kupikia.

Mbao za mjengo. Fundi wa ujenzi hupaka mbao za kushikilia zege oili chafu ya magari ili saruji isishike. Oili hiyo hubeba metali na masalia ya injini. Nguzo za ua nazo hupakwa oili hiyo hiyo kuzuia mchwa.

Plywood na mbao za vumbi zilizoshinikizwa. Hizi zimeshikanishwa kwa gundi, na gundi nyingi za aina hiyo hutoa formaldehaidi.

Mbao zenye rangi au vanishi. Rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi. Kuikwangua rangi kunatawanya vumbi lake chumbani, na mtoto anayetambaa ndiye wa kwanza kulila.

Paleti za mizigo. Hizi ndizo zinazodanganya wengi, kwa sababu huonekana safi na zina muhuri. Paleti ya kusafirisha mizigo kati ya nchi na nchi huwa na muhuri wa shuke la ngano na herufi IPPC. Ukiona herufi MB, ilifukizwa kwa methili bromidi, gesi ya sumu ya kuua wadudu. Ukiona HT, ilipashwa moto. Wapo wanaosema, "Hii ni HT, ni salama." Hapana. HT inamaanisha wadudu waliokuwa ndani ya mbao waliuawa kwa joto. Haisemi ni nini kilichomwagikia paleti hiyo baadaye, iwe ni dawa ya shamba, asidi au rangi, katika safari zake zote kutoka bandarini hadi godauni.

Vipande vinavyoitwa vya pipa la mwaloni. Hata kama ni mwaloni wa kweli, uliza pipa lilifanya kazi gani baada ya kuacha kubeba divai au wiski. Mapipa kuukuu hukatwa yakawa vyungu vya maua, meza na mapambo, na mara nyingi hupakwa vanishi au dawa ya ukungu. Muuzaji asipoweza kukuambia lilikotoka na lilikopitia, jibu unalo tayari.

ONYO: Usipojua mbao ilikotoka, isiguse kinywaji. Kuosha hakutoshi. Kuchemsha hakutoshi. Kuchoma kunaweza kuongeza hatari.

VIPI KUHUSU MAPIPA YA PLASTIKI NA YA CHUMA?

Onyo ni lile lile. Mapipa ya buluu na mitungi inayotoka viwandani mara nyingi ilibeba sabuni, asidi, gundi au dawa za shamba. Plastiki nayo hunyonya. Kwa vyombo vya dawa za shamba, kanuni ya kimataifa ni kuvisuuza mara 3 kisha kuvitoboa. Vinatobolewa ili mtu asivitumie tena. Kusuuza huko ni maandalizi ya kukitupa chombo, hakukifanyi kuwa cha kuwekea kangara (mchanganyiko unaochachushwa), pombe, wala maji ya kunywa. Nanyi mnaopoza mvuke wa chang'aa kwa rejeta kuukuu ya gari, fahamuni kwamba rejeta za zamani ziliunganishwa kwa risasi, na risasi hiyo huingia kwenye kinywaji moja kwa moja.

MWENYE MBAO HALALI AFANYE NINI?

Wapo watu wachache walio na vipande halisi vya pipa la mwaloni kutoka kwa mtengenezaji wa divai au pombe anayejulikana, na wanaotaka kuongeza ladha kwenye kinywaji walichonunua dukani kihalali kwa matumizi yao wenyewe. Kwao utaratibu ni huu, na hakuna hatua ya kurukwa:

1. Pata maelezo ya maandishi kutoka kwa aliyekupa: pipa lilibeba nini, na liliacha kazi lini. Bila maelezo hayo, ishia hapo.

2. Nusa na utazame. Ukungu, harufu ya siki, mafuta, rangi au dawa: tupa.

3. Toa pete za chuma na misumari. Piga randa pande zote mpaka ufikie mbao safi. Vaa barakoa, na ufagie vumbi lote.

4. Usitumie dawa yenye klorini ya kung'arisha nguo. Klorini, mbao na ukungu vikikutana huzaa harufu mbaya ya uvundo isiyotoka tena.

5. Loweka kwa maji yanayochemka, mwaga, rudia mpaka maji yatoke bila rangi nzito wala harufu ya kigeni. Kausha kivulini mahali penye hewa mpaka kipande kikauke kabisa.

6. Pasha kwenye oveni, joto la kati ya nyuzi 180 na 200 za Selsiasi, mpaka kigeuke kahawia. Usikiweke juu ya makaa yaliyowashwa kwa plastiki, mafuta ya taa au mbao zenye rangi.

7. Tumia chombo cha kioo chenye kifuniko. Kipande kidogo kinatosha. Mvuke wa pombe kali hushika moto upesi, kwa hiyo chombo kisikae karibu na jiko wala katika chumba kimoja na watoto waliolala.

Hatua ya kwanza ndiyo inayorukwa zaidi. Anayeiruka hatua ya 1 hasaidiki na hatua ya 2 hadi ya 7.

SUMU ISIYOKOMAA: METHANOLI

Mtu anaweza kufuata hatua zote saba, mbao yake ikawa safi kabisa, na bado akafa. Atakufa kwa sababu ya pombe aliyoanza nayo.

Kangara ya sukari ikichachuka kawaida hutoa methanoli kidogo sana. Maafa makubwa tuliyoyaona nchini hutokea pale mtu anapoongeza kemikali ya viwandani ili kinywaji kiwe kikali au kiongezeke. Mwezi wa Novemba 2000, pombe ya kumi kumi yenye methanoli iliua zaidi ya watu 100 katika Mukuru na mitaa ya jirani, na wengine wakabaki vipofu. Aprili 2010 msiba ulibisha hodi Shauri Moyo. Mei 2014 makumi ya watu walifariki katika kaunti za Embu, Kiambu, Kitui na Makueni. Kisha Kirinyaga mwaka 2024. Waliokufa walikuwa baba, mama na vijana waliotoka nyumbani wakiwa wazima.

Methanoli haina rangi. Harufu na ladha yake ni ya pombe. Ikifika kwenye ini hugeuzwa kuwa formaldehaidi kisha asidi ya fomiki, nayo asidi hiyo hushambulia mshipa wa jicho. Mililita 10 tu zinaweza kupofusha. Mililita 30 zinaweza kuua.

Sasa sikilizeni yanayosemwa mitaani, na ukweli wake.

"Ikikaa na mbao sumu inaisha." Si kweli. Methanoli haiishi kwa kukaa. Inabaki siku ya kwanza, mwezi wa kwanza na mwaka wa kwanza.

"Mimi huichuja kwa makaa." Makaa hupunguza harufu. Hayaondoi methanoli.

"Ukiiwasha kwenye kijiko ikatoa moto wa buluu ni safi." Pombe ya kawaida hutoa moto wa buluu, na methanoli hutoa moto hafifu wa buluu pia. Mchanganyiko wa hizo mbili nao huwaka buluu. Jaribio hili limewapa watu ujasiri wa kunywa sumu.

"Mama pima ninamjua, hawezi kuniua." Mama pima mwenyewe huenda hajui kilichomwagwa kwenye mtungi kabla haujamfikia.

ONYO: Rangi haiondoi sumu. Pombe ya kahawia yenye harufu ya vanila inaweza kuwa na methanoli ile ile iliyokuwa ndani yake ilipokuwa nyeupe. Kinachobadilika ni kwamba sasa unaiamini.

DALILI, NA LA KUFANYA

Methanoli huchelewa. Mtu hulewa kama kawaida, hulala, huamka akidhani ni uchovu wa pombe. Dalili kubwa mara nyingi huja baada ya saa 12 hadi 24, na huchelewa zaidi kama alikunywa na pombe ya kawaida: kichwa kuuma, kutapika, tumbo kukata, kupumua haraka haraka, na macho kuona ukungu au weupe.

Mtu akisema "sioni vizuri" baada ya kunywa, hiyo ni dharura. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, iwe Mama Lucy Kibaki, Hospitali Kuu ya Kenyatta au iliyo karibu zaidi. Usingoje kupambazuke. Beba kinywaji kilichobaki, ili daktari ajue anapambana na nini. Waambie wote waliokunywa naye waje pia, hata wanaojiona wazima.

Usimpe maziwa. Usimtapishe. Usimpeleke "kutoa lock", yaani kuondoa uchovu wa pombe, kwa glasi nyingine. Ni kweli madaktari wanaweza kutumia pombe ya kawaida kuizuia methanoli isigeuke asidi, lakini hufanya hivyo kwa vipimo, pamoja na dawa nyingine na mashine ya kusafisha damu. Kwenye kibanda hakuna kipimo wala mashine.

Msiogope kukamatwa. Daktari kazi yake ni kuokoa maisha. Kuna watu waliokufa kwa sababu wenzao walificha walichokunywa.

SHERIA KWA UFUPI

Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010 iliondoa marufuku ya zamani dhidi ya chang'aa, lakini haikumruhusu kila mtu kuipika. Anayetengeneza au kuuza kileo lazima awe na leseni, na kinywaji kifikie viwango vya Shirika la Viwango la Kenya. Pombe kali isiuzwe katika chupa ndogo kuliko mililita 250, tena isiuzwe kwa aliye chini ya miaka 18. Leseni za Nairobi hutolewa na Kaunti. Masharti mengine, ada na namna ya kuomba, uliza katika ofisi ya kaunti ndogo yako.

Stempu ya ushuru kwenye chupa unaweza kuikagua kwa simu kupitia programu ya Soma Label ya Mamlaka ya Ushuru. Chupa isiyo na stempu, au yenye stempu isiyosomeka, usiinunue.

WITO KWA KILA MMOJA

Fundi wa mbao: mteja akikuomba "mbao ya kuweka kwenye pombe", usimuuzie mbao ambayo huwezi kutaja ilikotoka. Shilingi mia mbili hazifai kuwa bei ya macho ya mtu.

Mwenye ploti: chumba chenye mapipa, mitungi na harufu ya kangara si siri tena. Zungumza na mpangaji, na asiposikia mjulishe chifu au balozi wa nyumba kumi kabla chumba hakijashika moto au mtu hajafia humo.

Mama pima: tunajua biashara hii ndiyo karo na kodi yako. Lakini usiongeze kitu usichokijua, na usipokee mtungi usiojua ulijazwa nini. Ukitaka kuacha, njoo tuzungumze.

Mnywaji anayetaka msaada wa kuacha, au ndugu yake, apige simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya kupambana na matumizi mabaya ya pombe na dawa za kulevya, nambari 1192.

Nasi tutaendelea kufika mtaani, kusema na kurudia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na safari hii huenda guu likapona na macho yasipone. Kabla hujaweka mbao ndani ya chupa, uliza ilitoka wapi. Kabla hujainua glasi, uliza kilichomo kilitoka wapi. Usipopata jibu, mwaga.